Futa Neno, Usifute Swali

Neno la msingi: Matendo ya Mitume 23:1–5, Waefeso 4:15

Jumapili moja baada ya ibada, wazee wakiwa ndani wanahesabu sadaka na mnada wa mazao ukiendelea nje chini ya mwembe, kijana mmoja wa kwaya alinifuata akiwa na simu mkononi. Alikuwa akitazama kipande cha mjadala wa Bunge. Mbunge mmoja alikuwa amemwambia mwenzake neno kali, Kiti kikamtaka afute kauli, naye akasitasita, akafuta, akakaa. Kijana akaniuliza, "Baba Mchungaji, kama mtu ni mwongo kweli, kumwita mwongo ni dhambi?"

Nilimjibu upesi, kama sisi wachungaji tunavyojibu tukiwa na njaa. Nilimwambia ulimi ni moto, akasome Yakobo sura ya tatu. Akasema, "Ndaga, Baba," akaenda zake. Lakini nilimwona usoni kwamba hakuridhika. Nami sikuridhika, kwa sababu jibu hilo niliwahi kulitumia vibaya huko nyuma, na watu wakaumia. Makala haya ni jibu ambalo ningepaswa kumpa.

Adabu ya Bunge ni ya nini?

Anayesikiliza matangazo ya Bunge kutoka Dodoma anaizoea lugha yake. Kila hoja mpya huanza na "Mheshimiwa Spika". Mbunge hamgeukii mwenzake na kumjibu uso kwa uso; maneno yote hupita kwenye Kiti. Akiona kanuni imevunjwa husimama na kusema "kuhusu utaratibu". Akitaka kumsahihisha msemaji huomba kumpa "taarifa". Na mwisho, hata yule aliyeiponda bajeti tangu mwanzo, mara nyingi utamsikia akisema, "Naunga mkono hoja." Watu wetu hucheka na kuuliza: sasa alikuwa anaponda nini?

Tusicheke haraka. Sisi wa bonde la Kyela tunajua maana ya kingo za mto. Maji ya Songwe, Kiwira na Lufilyo ndiyo yanayotupa mpunga. Maji hayo hayo yakipita kingo wakati wa masika, yanachukua mpunga, kuku na pengine nyumba. Hasira ya wananchi ni kama maji hayo. Ni hasira ya haki mara nyingi, nayo ni lazima ifike bungeni, lakini ikifika bila kingo haimwagilii kitu. Kumwita mtu "Mheshimiwa" hakusemi kwamba ana tabia njema. Kunasema kwamba nyuma yake wako watu waliomtuma, na ukimtukana yeye umewagusa na wao.

Ibara ya 100 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Chini ya uhuru huo Bunge limejiwekea Kanuni. Katika toleo la mwaka 2016, kanuni mbili zinafuatana. Ya 63 inakataza kusema uongo bungeni. Ya 64, pamoja na mambo mengine, inakataza lugha ya kuudhi na ya kudhalilisha watu. Zimewekwa jirani, ukweli kwanza na adabu baadaye. Anayeshika adabu na kuuacha ukweli ameshika nusu ya kanuni, na anayeshika ukweli na kuiacha adabu naye ameshika nusu.

Neno moja, mara mbili

Tatizo huanza pale nusu moja inapotumika kuiziba nyingine. Nitoe mfano wa neno moja: udhaifu.

Mwezi Juni 2012, katika mjadala wa bajeti, John Mnyika, aliyekuwa mbunge wa Ubungo, alisema kwamba hali ya nchi ilitokana, pamoja na mambo mengine, na udhaifu wa Rais. Aliagizwa kufuta kauli. Akakataa, akatolewa nje ya ukumbi. Miaka saba hivi baadaye neno lile lile lilirudi. Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa kule New York, akasema kwamba kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake kunaonyesha udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya Kamati ya Maadili. Alieleza kwamba katika kazi ya ukaguzi hilo ni neno la kawaida. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Halima Mdee, aliyekuwa mbunge wa Kawe, akasimamishwa mikutano miwili kwa kuiunga mkono kauli ile.

Bunge lina mamlaka ya kulinda heshima yake, nami sijaitwa kuwa hakimu juu yake. Ninachouliza ni jambo moja dogo. Mara zote mbili nchi nzima ilijadili neno. Kwenye mabasi, sokoni Ipinda, hata kwenye vibaraza vya kanisa, watu walibishana kama udhaifu ni tusi au si tusi. Swali lililokuwa chini ya neno hilo likabaki limelala: je, ripoti za ukaguzi zinafanyiwa kazi? Fedha iliyoonekana imepotea, imefuatiliwa? Mtume Paulo alijisifia udhaifu wake mwenyewe mbele ya Wakorintho, wala hakuona aibu. Neno hilo huuma zaidi pale tunapoogopa kuulizwa.

Mwaka 2007 kulikuwa na jambo linalofanana. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, alimtuhumu waziri mwenye dhamana ya madini kwamba amelidanganya Bunge kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Bunge lilimwona yeye ndiye aliyesema uongo, likamsimamisha Agosti hadi Januari mwaka uliofuata. Adhabu ikiwa haijaisha, mwezi Novemba, Rais Kikwete alimteua kuwa mmoja wa wajumbe wa kamati ya Jaji Mark Bomani ya kuchunguza mambo ya madini. Mtu amefungiwa mlango kwa sababu ya swali, na swali lenyewe limefunguliwa mlango mwingine.

Lakini nisiegemee upande mmoja. Wapo wanaotukana kwa sababu hawana hoja. Wapo wanaosema maneno makali ili kipande cha video kizunguke kwenye simu za vijana, na ukiwauliza takwimu ziko wapi, hawana. Na Septemba 2013, wakati wa muswada wa mabadiliko ya katiba, ukumbi wa Bunge uliona wabunge wakisukumana na askari. Siku ile kingo zilivunjika, na sidhani kuna mkulima hata mmoja aliyepata kitu kutokana na mafuriko yale.

Ripoti iliyosomwa na mwana wa Kyela

Hapa kwetu tunao mfano tunaojivunia. Februari 2008 Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wetu wa Kyela, alisimama bungeni kama mwenyekiti wa Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Alisoma ripoti kwa lugha ya Bunge ile ile: Mheshimiwa Spika huku, Mheshimiwa Spika kule. Lakini ndani ya lugha hiyo ilikuwemo hoja nzito kuliko tusi lolote. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Wengi wetu tulijifunza siku zile kwamba adabu haimfanyi mtu kuwa mnyonge, na kwamba aliye na ushahidi hahitaji kupiga kelele.

Hata hivyo kuna sehemu ya habari hiyo ambayo sisi watu wa Kyela huwa hatuisimulii. Alipokuwa akitangaza kujiuzulu, Lowassa alilalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji yeye mwenyewe. Watu wanabishana mpaka leo kama malalamiko yake yalikuwa na uzito. Mimi nayataja kwa sababu yananikumbusha Nikodemo katika Yohana sura ya saba, aliyewauliza wenzake kama torati yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Adabu si suala la kuchagua maneno tu. Ni pamoja na kumpa mwenzako nafasi ya kujibu. Ukimwita mtu kwa cheo chake chote na usimsikilize, bado hujamheshimu.

Kosa langu

Sasa nirudi kwenye jibu nililolitumia vibaya.

Katika usharika mmoja niliotumika zamani tulikuwa tukikusanya fedha za bati kwa minada ya mpunga. Mtunza hazina alikuwa mtu mpole, mwenye kuheshimika, asiyeinua sauti. Katika kikao cha baraza la wazee alisoma taarifa ya mapato na matumizi. Takwimu hazikukaa vizuri na stakabadhi hazikuwepo, lakini aliisoma kwa unyenyekevu, akawashukuru wote, akakaa. Ndipo mama mmoja mzee wa kanisa, mjane, akasimama na kusema, "Huu ni wizi."

Chumba kizima kilikaa kimya. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Nikasema, "Mama, hiyo si lugha ya kanisani. Futa kauli." Akafuta, akaomba radhi. Mtunza hazina akasema kwa upole kwamba amemsamehe. Tukaimba, tukaomba, tukafunga. Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwamba nimelinda amani ya usharika.

Kesho yake asubuhi yule mama alinikuta njiani. Akapiga magoti kidogo, kama desturi yetu, akanisalimu, kisha akasema, "Baba Mchungaji, neno nimelifuta. Vitabu je?"

Nikamwambia tutaviangalia. Hatukuviangalia. Masika yalikuja na nusu ya kanisa ikiwa haina bati. Vitabu vilipofunguliwa mwishowe, ilionekana kwamba mtunza hazina alikuwa amechukua sehemu ya fedha kumtibia mkewe, akikusudia kuzirudisha baada ya mavuno. Mavuno hayakutosha. Alikuwa amebeba mzigo huo miezi yote, akija kanisani kila Jumapili, akitabasamu.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Neno la yule mama halikuwa sahihi kabisa. Halikuujua ugonjwa uliokuwa ndani ya nyumba ile. Lakini swali lake lilikuwa sahihi. Kama ningelifuata siku ile ile, usharika ungejua, na naamini tungemchangia mgonjwa. Nilidhani nimemlinda mtunza hazina dhidi ya ulimi mkali. Kwa kweli nilimwacha peke yake na siri yake. Na yule mama nilimfundisha, pamoja na wajane wengine waliokuwa wakitazama, kwamba katika nyumba ya Bwana uongo uliosemwa taratibu ni salama kuliko ukweli uliosemwa kwa hasira.

Wazee wetu walilijua hili

Godfrey na Monica Wilson, waliochunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwamba ndugu walipokutana kwa tambiko, mwenye hasira alitakiwa kuisema wazi. Kinyongo kilichofichwa moyoni kiliaminika kuharibu tambiko na kuleta magonjwa. Sisi hatuendi tena kwenye matambiko, maana tunaye Kristo. Lakini wazee wale walikuwa wameona jambo ambalo Bwana wetu analisema katika Mathayo sura ya tano: ukiwa madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza ukapatane naye. Amani isiyotanguliwa na maneno hayo ni kimya tu.

Wazee hao hao walituachia pia desturi ambayo mkwe mwanamke hakuruhusiwa kumtazama baba mkwe wake wala kulitaja jina lake. Desturi hiyo ilikuwa na heshima ndani yake, lakini mzigo mkubwa wa heshima hiyo aliubeba mmoja. Tujichunguze hapo. Katika vikao vyetu, nani huambiwa afute kauli? Mara ngapi umesikia mwenye cheo akiambiwa hivyo na asiye na cheo? Anayeketi kwenye Kiti ndiye anayepima adabu, na mara nyingi ndiye anayeulizwa swali. Mtu huyo ana kishawishi kikubwa, nami nilianguka humo.

Paulo mbele ya baraza

Ndiyo maana nimechagua Matendo sura ya 23. Paulo amesimama mbele ya baraza. Kuhani mkuu Anania anaamuru apigwe kinywani. Paulo anawaka: anamwita ukuta uliopakwa chokaa, na anamuuliza inakuwaje aketi kuhukumu kwa sheria huku akiamuru mtu apigwe kinyume cha sheria. Waliosimama karibu wanamkemea kwa kumtukana kuhani wa Mungu. Paulo anakubali mara moja. Anasema hakujua kwamba ni kuhani mkuu, na ananukuu torati inayokataza kumnenea vibaya mkuu wa watu.

Angalieni alichofuta na ambacho hakukifuta. Amelifuta neno la ukuta wa chokaa. Swali lake, kwamba mtu anapigwa kinyume cha sheria, hakulifuta, wala hakuna aliyelijibu. Limebaki katika Maandiko mpaka leo likisubiri jibu la Anania.

Baba yetu Martin Luther alifanya vivyo hivyo tarehe 18 Aprili 1521 kule Worms, alipotakiwa mbele ya Kaisari afute maandiko yake. Alianza kwa kuomba radhi ikiwa angekosea kuwaita wakubwa kwa vyeo vyao. Akakiri kwamba dhidi ya watu fulani aliandika kwa ukali kuliko inavyompasa mtu wa wito wake. Lakini mafundisho yenyewe hakuyafuta. Nasikitika kusema kwamba baadaye aliusahau mfano wake mwenyewe. Aliyoyaandika juu ya wakulima mwaka 1525, na juu ya Wayahudi mwaka 1543, ni maneno ambayo Walutheri wanayaonea aibu. Aliyesema kweli jana anaweza kutukana leo. Kuwa upande wa kweli hakumpi mtu leseni ya ulimi.

Huyo huyo Luther, akifafanua Amri ya Nane katika Katekisimu Ndogo, anatufundisha kumsema jirani vizuri na kuyachukua matendo yake kwa upande ulio bora. Na katika Katekisimu Kubwa anaongeza kwamba kosa lililo wazi mbele ya watu linaweza kukemewa wazi mbele ya watu. Yote mawili ni amri moja, kwa sababu ushahidi wa uongo huja kwa njia mbili: kumsingizia mtu kosa asilolitenda, na kunyamazia kosa huku jirani mwingine akiumia.

Jibu kwa kijana

Baada ya kuyatafakari haya nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta ziwani Lyulilo siku ya soko, mama yake akichagua chungu kilichotoka Ikombe. Mama alikuwa akigonga kila chungu kwa kidole na kusikiliza. Chenye ufa hujulikana kwa sauti, hata kiwe kimepambwa vipi. Nami sikuona muuzaji aliyekasirika kwa kugongewa chungu chake. Angekasirika kama mtu angekipiga teke.

Nikamwambia: Mwanangu, usimwite mtu mwongo. Huujui moyo wake, na neno hilo litampa sababu ya kukuadhibu wewe badala ya kujibu. Mwambie, "Ulisema hivi, nami nimeona vile, tueleze." Gonga chungu, usikipige teke. Lakini ukiulizwa ufute, futa neno, usifute swali. Na siku moja huenda wewe mwenyewe ukaketi kwenye kiti, cha kwaya, cha kijiji au cha Bunge, na mtu mwenye uchungu akakuita jina baya mbele ya watu. Una haki ya kumwambia afute. Akishafuta, wewe ndiye unayedaiwa. Fungua vitabu.

Akaniuliza, "Na wewe, Baba, ulivifungua?"

Nikamwambia nilichelewa. Nikamsimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe, msomaji. Baada ya vitabu kufunguliwa nilimwomba radhi yule mama mbele ya baraza lile lile lililomsikia akifuta kauli, na mtunza hazina tulimpa miaka miwili kulipa kidogo kidogo. Mkewe alikwisha kufariki.

Ee Bwana, utupe kinywa kisichodhalilisha na sikio lisilokimbia swali. Uwape hekima wanaotusemea Dodoma, na wanaosema katika mabaraza ya kanisa lako. Amina.